Jina Moja, Watoto Wawili

Kuna ugomvi mdogo ambao kila mmoja wetu amekwisha kuusikia, iwe mjini Baraka, iwe kule Fizi mlimani, iwe katika vijiji vya kando ya ziwa. Mama anajifungua, mtoto anapewa jina, habari inatembea. Siku ya tatu jirani au shemeji anafika na uso uliokunjwa: «Juu ya nini mumechukua jina ya mtoto wangu?» Wengine hucheka, wengine hununiana mwaka mzima. Katika kurasa hizi chache tutajaribu kujibu swali hili: je, jina la mtoto lina mwenyewe? Na mtu akilipenda jina ambalo ndugu au rafiki yake amekwisha kulitumia, afanye nini? Ili tujibu vizuri, yafaa kwanza tutazame majina yetu yalitoka wapi, kwa kuwa kila kipindi cha historia kilituachia jibu lake.

1. Jina la mzee

Huku kwetu, kama kwa makabila mengi ya jirani, watoto wengi hupewa majina ya wazee: babu, bibi, shangazi, mjomba. Kumpa mtoto jina la mzee ni kumrudisha mzee nyumbani. Ndiyo maana utamsikia mama akimwita mtoto wake mchanga «baba», na watu wote wa nyumba wanaelewa. Mtoto huyo akilia usiku, bibi mzee husema kwa kicheko, «Mume wangu anataka nini tena?»

Sasa, mzee mwenye watoto saba anaweza kuwa na wajukuu saba wa jina lake, mmoja katika kila nyumba. Hakuna aliyeiba. Kila mtoto wa mzee ana haki ya kumrudisha kwake. Ni hivyo hata mbali na sisi. Kwa Wakikuyu wa Kenya desturi iko na utaratibu kabisa: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo watoto wa ndugu hukutana na jina lilelile moja, na hakuna wa kushangaa. Kinyume chake, ng'ambo ya Ruzizi, kwa ndugu zetu Warundi, desturi ya zamani ilimpa kila mtoto jina lake mwenyewe, kufuatana na mambo yaliyotokea alipozaliwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Desturi hizo mbili zinakutana sokoni kwetu kila siku, na huenda manung'uniko mengine yanatoka hapo: mmoja anaona jina ni urithi wa ukoo, mwenzake anaona ni mali ya mtoto mmoja.

2. Majina yaliyokuja kwa njia ya ziwa na ya misheni

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Mohamed bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza. Walileta bunduki na vitambaa, wakachukua pembe na watu. Waliacha pia lugha ambayo tunaiandika hapa, na waliacha majina. Jina la mji wetu wa Baraka ni neno la Kiarabu lililoingia katika Kiswahili, na hata leo ni jina la watoto wetu, wavulana na wasichana. Ndiyo maana leo tunao Waamisi, Waramazani, Washabani na Wamwajuma wengi ambao ni Wakristo tangu babu zao. Majina hayo yametoka katika siku na miezi: Amisi ni wa Alhamisi, Mwajuma ni wa Ijumaa. Jina la siku halina mwenyewe, kwa sababu siku ya Ijumaa inarudi kwa watu wote.

Baadaye misheni za Wakatoliki na za Waprotestanti zikaleta majina ya watakatifu na ya Biblia. Hapo tena mtoto alipewa jina la mtu aliyekwisha kulitumia, na kusudi lilikuwa hilohilo: apate mfano wa kufuata na mtu wa kumwombea. Hatujasikia bado kwamba Petro mmoja alimshtaki Petro mwingine kanisani.

3. Mwaka ambao watu waliitwa kwa hesabu

Mwaka 1965, wakati wa maasi, ardhi ya Fizi iliona majina ya aina nyingine kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili mwaka huo, Ernesto Che Guevara na Wakuba wa kwanza walivuka ziwa kutoka Kigoma wakatua Kibamba. Ili wasijulikane, walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Waliondoka mwezi Novemba.

Tunalitaja jambo hilo kwa sababu linafundisha. Kama tungetaka kila mtu awe na jina lake pekee, lisiloguswa na mwingine, njia ya hakika ni hiyo ya hesabu. Lakini jina la namna hiyo halimrudishi mtu yeyote nyumbani. Linafaa vitani, kwa siri. Kwa mtoto halifai.

4. Serikali nayo ikaingia

Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yetu iliitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972 Rais aliacha jina la Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakaamriwa waache majina ya ubatizo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Hapo ndipo lilipopata nguvu lile jina la pili tunaloliita postinomu. Mtu aliyekuwa na jina la ukoo na jina la mtakatifu, sasa alitafuta jina lingine la wazee ili kujaza nafasi. Wengi walimkumbuka babu aliyekuwa amesahauliwa.

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilitia nguvu kwamba majina yachukuliwe katika urithi wa utamaduni wa nchi, na yasiwe ya matusi wala ya kudharau. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi, lakini postinomu ilibaki. Kumbe sheria iliyotaka kufuta majina ya kigeni ilituachia chombo kizuri cha kutenganisha watu wawili wa jina moja!

Sisi walimu tunajua faida yake. Unaita orodha asubuhi, «Amisi!», wanasimama vijana wanne. Bila postinomu, alama za mmoja zinaenda kwa mwingine, na siku ya Mtihani wa Taifa kosa la namna hiyo linaweza kumpotezea mtoto mwaka mzima. Kwa hiyo, mzazi anayetaka jina ambalo jirani analo tayari, alichukue. Lakini postinomu iwe tofauti, na mtoto aandikishwe kwa serikali kabla siku 90 hazijapita, kama sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inavyodai. Jina likishaandikwa haligeuzwi tena pasipo ruhusa ya korti.

5. Kesi ya ndugu wawili

Sheria na desturi tumezieleza, lakini vita vya 1996 na vya 1998 vilituletea kesi ambayo hazikuitazamia. Watu wa Fizi kwa maelfu walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, na ya Lugufu, iliyofungwa 2009. Wengine walibaki milimani. Ndugu hawakupata habari za ndugu. Mwezi Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha watu Baraka, na hapo nyumba nyingi zikagundua kwamba jina la mzee mmoja lilikuwa limetolewa mara mbili, huku na kule.

Tuliitwa siku moja tuketi pamoja na wazee kusikiliza ndugu wawili. Baba yao alikufa wakati wa vita. Mkubwa alikuwa kambini. Habari ya kifo ilimfikia kwa mdomo wa mpitaji, na mtoto wake wa kwanza akampa jina la baba. Mdogo alibaki, naye akafanya vilevile, jina na postinomu pamoja. Walipokutana, furaha ilikuwa ya siku mbili tu. Siku ya tatu walianza kugombana.

Mkubwa alisema: «Mimi ni kifungua mimba. Kule kambini hatukuwa na shamba, hatukuwa na nyumba. Kitu ya baba tulibaki nayo ni jina tu. Sasa nayo munaninyanganya?»

Mdogo alisema: «Ni mimi nilimzika, usiku, peke yangu na mama. Mtoto wangu alizaliwa mwezi uliofuata. Ningempa jina gani?»

Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akauliza, «Baba yenu alipokuwa hai, alikuwa anakula kwa nani?» Wakajibu kwamba alikuwa akila kwa wote wawili, leo huku, kesho kule. Mzee akasema, «Basi, muache aendelee kula kwa wote wawili.»

Ikaamuliwa kwamba hakuna mtoto atakayenyang'anywa jina. Nyumbani mmoja aliitwa Babu Mkubwa, mwingine Babu Mdogo, na shuleni jina la ubatizo liliwatenganisha. Tena ikasemwa kwamba ugomvi huu haukutoka kwenye jina. Ulitoka katika miaka ile ambayo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kitu.

6. Tufanye nini?

Kwa maoni yetu, jina halina mwenyewe, lakini lina njia yake. Ukilipenda jina la mtoto wa rafiki, nenda umwambie kabla mtoto hajaitwa. Usiende kuomba ruhusa kama mtu anayeomba deni, nenda kumpa heshima: «Tumelipenda jina la mtoto wenu, tunataka wetu naye aitwe hivyo.» Mara nyingi atafurahi, na watoto hao watakua wakiitana kwa jina moja, kile ambacho Waswahili wa pwani hukiita usomo na watu wa Lingala hukiita ndoyi. Usomo ni udugu: mmoja akiugua, mwenziwe anakwenda kumtazama. Nawe uliyeletewa habari, usikunje uso. Wamelipenda kwa sababu wanakupenda.

Na kama jina ni la mzee wa ukoo, uliza kwanza nani amekwisha kumrudisha, ili majina mengine ya pembeni yatofautiane. Vita na safari zimetutawanya mpaka Kigoma, mpaka Ulaya na Marekani, lakini leo simu iko. Hakuna sababu ya kunyamaza.

Wale wajukuu wawili ni vijana wazima sasa. Mdogo amekwisha kuoa. Mkewe alipokaribia kujifungua, alimpigia simu mwana wa baba mkubwa, aliye mbali, akamwuliza, «Babu Mkubwa, kwako kuna mtu umeshamwita bibi?» Akajibiwa kwamba bado, nao wanangoja mtoto wa kike. Wakacheka, wakapatana: atakayezaliwa kwanza aitwe bibi, na wa pili aitwe bibi vilevile, kila mmoja na postinomu yake.