Jina Lililofutwa

Mwaka 2021 niliingia kwenye kibanda umiza kimoja hapa Bagamoyo kutazama katuni ya Kijapani ambayo naijua hadi pumzi za wahusika wake. Ilikuwa Spirited Away ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001. Mtoto Chihiro anapotelea kwenye mji wa mizimu, na bibi mchawi mwenye hamamu anamwajiri kwa sharti moja: anamnyang'anya jina. Chini ya picha yalikuwa yakipita maneno ya Kiswahili. Watu walicheka palepale tulipotaka wacheke. Nasema tulipotaka kwa sababu maneno yale tuliyaandika sisi, mimi na mshikaji wangu wa Magomeni, usiku kwa usiku, miezi minne mizima. Lakini ule mstari wa kwanza wenye majina yetu haukuwepo. Mahali pake ilikaa namba ya simu ya mtu mwingine, na mlangoni watu walikuwa wanalipa kiingilio.

Nilitoka nimenuna. Nikataka kwenda kugombana, mshikaji akanizuia. "We nawe, ulimwomba nani ruhusa kuifasiri?" Swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa changu, na ndilo lililonifanya nianze kusoma historia.

Ndugu msomaji, mimi nina mapenzi mawili, katuni za Kijapani na programu huria za kompyuta. Zamani nilidhani hayana undugu. Programu huria ni hivi: ukinunua chapati ya kawaida unapewa chapati tu, ukitaka kujua imekandwaje shauri yako. Programu huria unapewa chapati pamoja na mapishi, na ruhusa ya kuongeza iliki na kumgawia jirani. Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1989 akatoa leseni ya kulinda mapishi hayo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, akaleta kiini cha Linux. Kumbe leseni ile haikatazi mtu kuuza! Uza utakavyo, ila usimfungie mwenzako mapishi, na usifute majina ya waliopika kabla yako.

Miaka hiyohiyo ya 1980 vijana wa Marekani walikuwa wakinakili katuni za Kijapani kutoka kaseti hadi kaseti. Walitumia kompyuta ndogo za nyumbani, kama Amiga, kupachika tafsiri chini ya picha. Nao walikuwa na sheria yao, haikuandikwa na bunge lolote: kaseti ya mashabiki haiuzwi. Baadaye kazi yao ikahamia kwenye programu huria. Sisi wenyewe tulitumia Aegisub, iliyoanza mwaka 2005, kwenye laptopu chakavu ambayo Windows iliishinda lakini Linux ikaifufua.

Na Wajapani wenyewe je? Hapo pana jambo tamu. Studio ya Miyazaki, iliyoanzishwa mwaka 1985, inaitwa Ghibli. Jina hilo ni la ndege ya Kiitaliano, ndege yenyewe ikapewa jina la upepo wa jangwani Libya, na asili yake ni neno la Kiarabu ambalo mtoto yeyote wa chuo cha Kurani hapa Bagamoyo analijua: kibla. Basi tangu Princess Mononoke ya mwaka 1997, Ghibli walikuwa wakitumia programu ya Kiitaliano iitwayo Toonz. Machi 2016 programu hiyo, pamoja na nyongeza walizotumia Ghibli, ilifunguliwa kwa dunia nzima kwa jina la OpenToonz. Kijana wa Dunda anaweza kuichukua bure leo. Mimi niliichukua, nikachora mashua inayopinda tanga, sekunde sita. Usiniulize ilinichukua wiki ngapi.

Huku kwetu mwaka wenyewe ni 2004. Oktoba ilitoka Ubuntu, Linux yenye jina la kusini mwa Afrika, shina lake moja na utu wetu. Desemba, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Kila amri na kila onyo, mtu alikaa akatafuta neno lake. Kazi hiyo naijua uchungu wake. Sisi tulikesha na neno moja la Kijapani, kami. Tukisema "miungu" ustadhi wa mtaani atatusomea dua, tukisema "mapepo" watu watamtafuta mganga. Tukaweka "mizimu", na bado siku nyingine najuta.

Lakini aliyenitoa machozi ni mtu wa hapahapa, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 huko Ujerumani kikachapwa Desturi za Wasuaheli, kitabu kinachoeleza ndoa, ngoma, mazishi na madeni ya watu wa mwambao huu, na sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Jaladani likakaa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya. Mwaka 1905 Mtoro alijaribu kurudi nyumbani na mke wake wa Kijerumani, wakoloni wakamkatalia kushuka naye. Akarudi zake, akafia Berlin mwaka 1927. Jina lake lilipanda jaladani katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981. Hesabu mwenyewe, miaka 78.

Sijifananishi na Mtoro, nisije nikachekwa. Mtoro aliandika mambo ya kwao kwa lugha ya kwao, mimi nilichukua kazi ya Miyazaki bila hodi. Yule wa kibandani alinifanyia mimi nilichowafanyia Wajapani, akazidisha kwa kufuta jina na kukusanya hela. Nilipomweleza mshikaji hivyo alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Basi tutafute ya halali."

Tumeipata. Inaitwa Sintel, ya mwaka 2010, imetengenezwa na watu wa Blender, nayo ni programu huria. Ni msichana anayemtafuta joka wake mdogo aliyepotea. Leseni yake inaruhusu kuifasiri, kuionyesha, hata kuiuza, mradi wenye kazi watajwe. Mstari wa kwanza wa faili letu sasa una majina yao, kisha ndiyo yetu mawili. Tumefika dakika ya tisa. Mshikaji analalamika kwamba hii si anime, na joka wake hamfikii Haku hata kidogo. Kweli, hamfikii.