Nasaba za Babati na waliozitafuta

Karne moja imetimia tangu F. J. Bagshawe, afisa wa serikali ya Kiingereza katika Tanganyika, achapishe kwenye jarida la Chama cha Afrika la London mfululizo wa makala kuhusu wenyeji wa Kondoa Irangi. Mfululizo ulitoka katikati ya miaka ya 1920, na sehemu moja ilihusu Wagorowa wa Babati na wale aliowaita ndugu zao: Wambulu (yaani Wairaqw), Wawasi (Waalagwa) na Waburunge. Bagshawe aliiita nchi hiyo Bonde la Raha. Lisichanganywe na bonde la walowezi wa Kenya lililopewa jina kama hilo na kusifika kwa ulevi na kunyang'anyana wake. La kwetu lilikuwa bonde la ng'ombe, mtama na mbung'o.

Mkoa wa Manyara haukuwapo wakati huo, ulizaliwa 2002. Wilaya ya Babati nayo ilimegwa kutoka Hanang mwaka 1985. Kwenye ramani za Wajerumani eneo hili chini ya mlima Kwaraa liliitwa Ufiomi, na jeshi la jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, lilipita hapa Aprili 1916 likiikimbilia Kondoa. Kabla ya hapo, mwaka 1892, mvumbuzi Oscar Baumann alikwishapita Umbugwe akiwa na bunduki na daftari. Askari walipita, wapimaji wakapita. Anayetuhusu hapa ni yule aliyeketi chini na wazee na kuuliza: wewe umezaliwa na nani, na yeye alizaliwa na nani?

Swali hilo liligeuka kuwa kazi ya serikali mwaka 1926, ilipopitishwa Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji. Gavana Donald Cameron alitaka Tanganyika itawaliwe kupitia watemi na machifu wenye haki ya kurithi, si maakida kama walivyofanya Wajerumani. Ili kumjua mwenye haki ilibidi nasaba ijulikane. Mabwana shauri wakaagizwa kukusanya historia za makabila na kuziandika katika Vitabu vya Wilaya, yale madaftari makubwa ambayo leo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam.

Ilikuwa kazi ya pamoja, ingawa jina lililobaki chini ya ukurasa ni la bwana shauri peke yake. Mzee alitaja, mkalimani akageuza, karani akanakili, mzungu akachora mistari ya kuunganisha baba na mwana. Kila mmoja alikuwa na lake. Mzee aliyeitwa bomani kutaja mababu wa chifu hakuwa mtoto mdogo: alijua kwamba jina litakaloandikwa litageuka mshahara, baraza na haki ya kukusanya kodi, na kwamba jina litakaloachwa halitarudi kirahisi. Mwanahistoria John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyotoka 1979, aliona kwamba Waingereza waliamini kila Mtanganyika ana kabila lake, na Watanganyika nao wakayajenga makabila hayo yafae kwa utawala uliokuwapo. Babati haikuachwa nje ya ujenzi huo.

Kwa Wagorowa kazi ilikuwa na pa kuanzia, maana uchifu ulikuwapo. Kwa Wambugwe, wanaoishi kaskazini kuelekea Ziwa Manyara, mistari ya bwana shauri iliingia katika matata mengine. Mwanaanthropolojia Robert Gray, aliyeandika juu yao mwaka 1953, alieleza namna yao ya kurithi: mtu akifa, mrithi hakabidhiwi mali tu, anaingia katika nafasi ya marehemu ndani ya ukoo, na jamaa wanamtazama kwa udugu ule waliomtazamia yule aliyeondoka. Sasa chora mti wa nasaba kwa utaratibu huo. Ukiambiwa fulani ni babu wa fulani, unasemwa mwili au unasemwa kiti?

Kwa Wairaqw mambo yalikuwa magumu zaidi. Hawakuwa na mtemi mmoja wa kuamrisha nchi yote. Wanaanthropolojia Edward Winter na baada yake Robert Thornton, ambaye kitabu chake kilitoka 1980, walionyesha kwamba kinachowaunganisha Wairaqw ni aya, eneo lenye mipaka yake na ibada zake, kuliko mti mrefu wa ukoo mmoja. Koo zenyewe zimetoka pande nyingi. Ukoo wa Manda, unaoheshimika kwa wataalamu wa matambiko, husemwa asili yake ni Ihanzu, upande wa Singida. Zipo koo zinazotaja asili ya Kidatooga. Mwenye kutafuta babu mmoja aliyewazaa Wairaqw wote anatafuta mtu ambaye wazee wenyewe hawakuwahi kumhitaji.

Na hapo ndipo penye ugomvi ambao haujaisha mpaka leo. Keti na watu wa Babati, Mbulu au Karatu waliosoma kidogo, uliza Wairaqw walitoka wapi. Hutamaliza kikombe cha chai kabla ya kuambiwa: Iraki. Mesopotamia, mto Frati, wakashuka Uarabuni, wakavuka Ethiopia, wakafika. Ushahidi unaotolewa ni jina lenyewe, na pua.

Mnorwe Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wairaqw, aliandika makala juu ya jambo hili mwaka 1998 katika jarida la *Ethnology*. Hoja yake ni kwamba habari ya Iraki haikuanza kwa wazee. Ilianza kama dhana ya wageni wenye elimu, ikatembea kwa maandishi na kwa watu waliosoma, kisha ikarudi vijijini ikiwa imevaa mavazi ya simulizi za mababu. Mtafiti aliyefuata akaisikia kwa mwenyeji, akaiandika kama ushahidi, na duara likafunga.

Lazima tukumbuke hewa waliyokuwa wakivuta wasomi wa zama zile. Mwaka 1930 mwanaanthropolojia Seligman alitoa kitabu chake juu ya mbari za Afrika, kilichokuwa kikihubiri kwamba kila jambo la maana katika bara hili lililetwa na Wahamiti kutoka nje. Kwa mtu mwenye imani hiyo, kabila la milimani lenye lugha isiyofanana na za Kibantu, lenye vilimo vizuri na samadi shambani, lilikuwa kitendawili kilichoomba jibu la mbali. Jina likamrahisishia kazi.

Lugha inasema jingine. Kiiraqw, Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge ni Kikushi cha kusini. Jamaa zake ziko Ethiopia na Somalia, na Mgorowa na Mwiraqw wanaelewana bila mkalimani. Wanaisimu Maarten Mous, aliyetoa sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, na Roland Kiessling, aliyeshirikiana naye mwaka 2003 kurudisha msamiati wa kale wa lugha hizi, wameifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Njia inatoka kaskazini, ndiyo. Lakini Ethiopia si Baghdad.

Mimi naona simulizi yenyewe inatoa hukumu nzuri kuliko wataalamu. Sikiliza inapoanza kuwa na watu ndani yake. Iraki hakuna anayetajwa kwa jina. Hakuna baba, hakuna mwana, hakuna kisima. Majina yanaanza Ma'angwatay, upande wa Kondoa, na la kwanza kubwa ni la Haymu Tipe.

Husimuliwa kwamba Haymu Tipe alikuwa mkuu wa watu wale, naye alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Vijana walikuwa wameshiba, nguvu zimewajaa, hakuna vita. Wakamteka yule mtoto wakamficha msituni, kisha wakampelekea baba masharti: tutafutie adui wa kupigana naye, ama mwanao hatarudi. Mzee angefanyaje? Akaenda kwa Wabarbaig, wafugaji jirani, akawaomba vita, jambo ambalo Wabarbaig hawakuhitaji kuombwa mara mbili. Mapigano yakawageukia wale waliokuwa na hamu nayo. Vijana waliuawa wengi, waliosalia wakakimbia na familia zao hadi Guser-Twalay, na kutoka huko wakatawanyika. Haymu Tipe mwenyewe aliendelea mpaka Qawirang, msitu ulioko magharibi ya Ziwa Haubi.

Hiyo ndiyo nasaba inayonuka jasho. Ina aibu ndani yake, ina baba aliyebanwa, na inaeleza kwa nini ndugu wako huku na wengine kule. Bwana shauri asingeweza kuitumia kumpata chifu, na mpenda Mesopotamia haoni cha kujivunia ndani yake, ndiyo maana wengi wanairuka.

Si kwamba nasaba za Ulaya zimekaa sawa. Waitalia wana bahati ya vitabu: Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kila parokia iandike ndoa na ubatizo, na dola la Italia likaanza daftari lake la kiraia mwaka 1866. Hata hivyo Verdi, fahari ya opera ya Kiitalia, aliandikishwa 1813 kwa Kifaransa, Joseph Fortunin François, kwa kuwa wilaya yake ilikuwa mikononi mwa Napoleon. Mtawala akibadilika na jina linabadilika.

Kwetu sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa 1920, lakini Mwafrika hakulazimishwa. Aliyeandikwa aliandikwa na padre au mchungaji, kwa jina la ubatizo. Machifu nao walifutwa kisheria 1963, na tangu siku hiyo nasaba zao hazikuwa na mshahara nyuma yake. Operesheni ya vijiji ya miaka ya sabini ikahamisha kaya kutoka kwenye makaburi ya baba zao, na makaburi ndiyo yaliyokuwa daftari.

Kwa hiyo tukiulizwa leo nasaba za mashuhuri wetu, tunashikwa bila majibu. Orodha ya mashuhuri wenyewe si fupi. Mbulu ilimtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akichechemea wakati uwanja umeshaanza kuwa mtupu. Karatu ilimtoa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akiongoza mbio nzima kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Hanang ina Frederick Sumaye, Waziri Mkuu kwa miaka kumi, 1995 hadi 2005. Babati yenyewe ina Fabiano Joseph, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 kule Edmonton, Kanada. Muda wake wa siku ile unajulikana: saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Muulize mtoto wa shule hapa mjini ukoo wa bingwa huyo.

Tena mgeni anayemtafuta kwa jina la mwisho atapotea, maana kwa desturi yetu jina la pili ni la baba na la tatu la babu, na watoto wa mtu huyohuyo wataandikwa kwa jina lingine kabisa. Orodha za riadha za dunia hazina nafasi ya kueleza hilo.

Karatasi za nasaba zetu zimetawanyika. Vitabu vya Wilaya viko Dar es Salaam. Makala za Bagshawe ziko maktaba za London. Maandishi ya Kifiomi, yaani Kigorowa, yaliyochapishwa na Martin Heepe mwaka 1930 yako kwa Kijerumani mjini Berlin. Inaniudhi kwamba mji wenye makao makuu ya mkoa unaacha historia yake isomwe kwanza na watu wasioweza kutamka Kwaraa. Kazi njema ya karibuni ni ile ya mwanaisimu Andrew Harvey, ambaye pamoja na wasaidizi Wagorowa amerekodi sauti na picha za lugha na utamaduni wao. Hifadhi hiyo ilifunguliwa 2017 chini ya chuo cha SOAS, London, na taasisi inayoitunza imehamia Berlin. Angalau hii inafikiwa kwa intaneti, na wasemaji ndani yake wanasema wenyewe badala ya kufupishwa na bwana shauri.

Mahali ambapo nasaba bado inafanya kazi kila wiki, bila mtafiti wala ruzuku, ni kwenye posa. Kijana akileta habari ya mchumba, wazee hawamuulizi kama mababu walitoka Mesopotamia. Wanauliza ukoo wa baba, kisha wanauliza ukoo wa mama, kwa kuwa huko nako haoi. Wajomba huitwa, shangazi hupigiwa simu, na siku hizi swali hurushwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ambapo binamu aliyeko Mwanza hukumbuka bibi ambaye Babati walimsahau. Katika michoro ya nasaba za machifu mama huyo hakuwekwa, maana haukuwa uchifu wake uliokuwa unatafutwa. Kwenye posa yeye ndiye anayeamua kama ng'ombe watatoka zizini au la.