Mgeni Mlangoni: Riwaya ya Ajabu kwa Vijana na Masimulizi ya Nyanza Kusini

1. Utangulizi

Riwaya za ajabu zinazopendwa na vijana aghalabu huanza kwa kuondoka. Msichana hutumbukia shimoni akimfuata sungura. Mvulana hupanda garimoshi la kumpeleka katika shule ya wachawi. Mwingine huacha nyumba yake yenye raha akaenda kulitafuta joka linalolalia hazina. Ajabu iko mbali, na mhusika mkuu huifuata. Kusini mwa Ghuba ya Winam, katika nchi iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini na ambayo sasa ni Kaunti za Homa Bay na Migori, mambo ni kinyume. Huko ajabu haifuatwi. Huja yenyewe ikabisha hodi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo si ya fani tu. Ndiyo inayoeleza jinsi masimulizi hayo yalivyoingia vitabuni, na kwa nini ni vigumu kuyatia katika riwaya ya Kiswahili ya vijana.

2. Ajabu yenye makazi

Karibu na Kendu Bay, katika nchi ya Karachuonyo, liko ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wataalamu wa miamba hulihesabu kuwa ni shimo la volkeno lililojaa maji. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa karamu alifika bibi kizee mgeni, akaomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, na huyo akaonywa aondoke upesi. Mvua ikanyesha, kijiji kikadidimia pamoja na walevi wake. Jina lenyewe limebaki kuwa ushahidi: Simbi iliyozama.

Magharibi zaidi, huko Nyandiwa katika nchi ya Gwassi, husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara aliyenasa kikongwe badala ya samaki. Kikongwe aliomba apelekwe nyumbani. Alipopokewa, boma likajaa ng'ombe. Mali na pombe vilipomlevya, Nyamgondho alimtukana mwanamke yule kwa asili yake. Mwanamke akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho akabaki ufukoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Hata alama zilizo miambani huonyeshwa mgeni, akaambiwa ni nyayo za ng'ombe wale.

Gor Mahia wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, ni mtu wa tarikhi: mganga na mtawala aliyeishi hadi zama za Waingereza. Hata hivyo masimulizi humpa uwezo wa kujigeuza umbo apendavyo, na mwaka 1968 klabu ya kandanda ilichukua jina lake. Hapa mpaka baina ya kisa cha kale na historia hauonekani kwa urahisi.

Katika Migori, boma la mawe la Thimlich Ohinga, lililojengwa yapata karne ya 16 bila udongo wa kushikiza mawe, liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Neno Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma. Jina moja limeunganisha hofu ya nje na usalama wa ndani, na hivyo viwili hukutana mlangoni.

Mlango huo ndio kiini cha dhamira. Katika Simbi na katika Nyandiwa, anayejaribiwa si msafiri bali ni mwenyeji. Anapimwa kwa ukarimu wake, kwa ulimi wake, na kwa kiasi chake katika neema. Tena anayeshindwa ni mtu mzima.

3. Kutoka siwindhe hadi kitabuni

Zamani watoto walisikia sigana, yaani hadithi, katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee walimolala. Mtoto alikuwa msikilizaji, si shujaa. Aliwatazama wakubwa wakikosa, akajifunza kutokana na makosa yao. Mafunzo hayo yalimfaa msikilizaji, lakini yalimwachia mwandishi wa riwaya ya vijana tatizo zito: katika visa hivi kijana hana la kutenda.

Maandishi yalikuja mapema. Misheni ya Waadventista ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mtambo wa kupigia chapa ukafuata. Paul Mboya, mchungaji aliyekuja kuwa chifu wa Karachuonyo, alitoa Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938. Mwaka mmoja kabla yake, huko Uingereza, Tolkien alikuwa ametoa The Hobbit. Wote wawili walisimama mbele ya urithi wa kale. Mmoja aliufanya hadithi ya kuwasimulia watoto. Mwingine aliufanya kumbukumbu ya mila na desturi. Kila mmoja alitimiza haja ya mahali pake, lakini vijana wa dunia nzima walirithi njia ya yule wa kwanza.

Baadaye zilitokea diwani za hadithi: Keep My Words ya Onyango-Ogutu na Roscoe mwaka 1974, na Thu Tinda ya Asenath Bole Odaga mwaka 1980. Vitabu hivi vilihifadhi masimulizi, na hilo si jambo dogo. Lakini Grace Ogot, katika Miaha ya mwaka 1983, alikwenda hatua nyingine. Humo jembe lilikuwa likilima lenyewe, hata Nyawir, bibi arusi kijana, alipolishika kwa mikono yake akavunja mwiko, na wanadamu wakapata kujua jasho. Kijana ndiye atendaye, na kosa lake lina sura ya ujasiri. Okoth Okombo aliifasiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride. Basi ajabu ya ziwa ilipata riwaya yake katika Dholuo, kisha katika Kiingereza.

4. Kiswahili na ajabu ya mbali

Kiswahili kilikuwa na ajabu yake tangu zamani, lakini ya mbali. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929, na Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940. Shaaban Robert mwenyewe, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alijenga juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela. Hata baadaye, Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Bina-Adamu! ya Wamitila (2002) zilimpeleka mhusika mkuu katika nchi za kigeni.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani. Mtoto wa Homa Bay au Migori akajikuta na ajabu mbili: moja ya nyumbani isiyotahiniwa, na nyingine ya kitabuni isiyo na njia ya kufika kwao. Hatari yake ni kwamba ile ya nyumbani huweza kudhaniwa kuwa ni ushirikina tu, na ile ya kitabuni ndiyo fasihi.

Huenda ikasemwa kwamba kisa kilichofungwa na jiwe au ziwa fulani hakiwezi kuhamia lugha nyingine. Gwassi inakanusha hoja hiyo. Ni nchi ya Wasuba, ambao lugha yao ya Kibantu imekwisha kuachia nafasi kubwa Dholuo, na bado Nyamgondho amesimama pale pale. Lugha imebadilika, mahali na kisa vimebaki. Vilevile Nnedi Okorafor, katika Akata Witch (2011), ameonyesha kwamba imani za Nijeria zaweza kuwa riwaya ya vijana bila kuhamishwa kwao.

5. Hitimisho

Riwaya ya Kiswahili ya vijana haihitaji kuiga garimoshi wala shimo la sungura. Inahitaji kumpa kijana kazi ndani ya nyumba ambayo ajabu inaijia. Katika kijiji cha Simbi watu wazima walikuwa wakinywa na kucheza. Masimulizi hayasemi ni nani aliyeisikia hodi ya kwanza. Mwandishi atakayemweka mtoto hapo mlangoni atakuwa ameipata riwaya yake, wala hatakuwa ameliondoa ziwa mahali pake.