Mkunazini: kanisa lililosimama juu ya soko la watumwa

Juni 1873, baada ya shinikizo kali la Waingereza, Sultan Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa katika himaya yake. Soko la Mkunazini, Unguja mjini, likafungwa. Mwaka haujaisha, siku ya Krismasi, wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, wakaweka jiwe la msingi la kanisa papo hapo sokoni. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji.

Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa ngano za Unguja, vyote vya mwaka 1870, lakini pale Mkunazini alikuwa zaidi ya mwanazuoni. Aliamua kuezeka kanisa kwa kuba refu la matumbawe yaliyochanganywa na saruji, bila boriti. Wengi waliamini lingeporomoka. Halikuporomoka. Miongoni mwa waliobeba mawe na kuchanganya udongo walikuwemo watu waliokombolewa utumwani, na kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko kuba lenyewe. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Ukiingia ndani, tazama sakafu mbele ya madhabahu. Kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kuchapwa kabla ya kuuzwa, na wekundu ule unaashiria damu yao. Karibu yake upo msalaba wa mbao uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Sehemu ya ubatizo ina nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizipachika hivyo Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha zilivyo.

Urithi wa namna hii una hatari zake, na ya kwanza ni simulizi kuzidi ukweli. Katika eneo hilohilo kuna vyumba vya chini, vyenye giza na dari la kuinamia, ambavyo kwa miaka mingi wageni wameoneshwa kuwa mahabusu ya watumwa. Wanahistoria wamelitilia shaka dai hilo, kwa sababu jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Naamini kanisa halipungukiwi kitu kwa kulisema hilo waziwazi. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa hapo, na hata baada ya 1873 utumwa wenyewe uliendelea visiwani mpaka ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Ukweli huo unatosha kumliza mtu. Mwaka 1998 msanii Clara Sörnäs aliliweka jambo hilo mbele ya macho yetu kwa sanamu za watu watano waliosimama shimoni, shingo zao zikiwa na minyororo.

Hatari ya pili ni maji. Matumbawe hunywa unyevu kama sifongo, na hewa ya bahari huja na chumvi. Mafundi wa Mji Mkongwe, ambamo Mkunazini imo, walilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana walipiga lipu ya chokaa, inayoruhusu ukuta kupumua. Ukiziba nyufa za ukuta kama huo kwa saruji ya dukani, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hula jiwe, na lipu hudondoka mapande mapande. Kazi ya ukarabati iliyofanywa na World Monuments Fund kwa msaada wa Umoja wa Ulaya ililiokoa jengo, na mwaka 2016 kikafunguliwa kituo cha urithi chenye maonesho ya historia ya biashara ya watumwa Afrika Mashariki.

Lakini ukarabati wa mfadhili huisha, mvua za masika haziishi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote Unguja, iliporomoka likiwa katika matengenezo na watu wakapoteza maisha. Mji Mkongwe wote, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulipata onyo siku ile.

Mkunazini ina waumini wachache katika mji ambao karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Sadaka yao peke yake haiwezi kutunza kuba la Steere. Viingilio vya watalii ndivyo vinavyosaidia, na mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, sote tuliona jinsi ndege zinavyoweza kukoma ghafla. Kwa hiyo mpango wa miaka hamsini ijayo lazima uwe na mfuko wa matengenezo usioguswa kwa shughuli nyingine: sehemu ya kila kiingilio iwekwe pembeni mwaka wa neema, itumike mwaka wa njaa. Uwe pia na vijana wanaofundishwa kuchoma chokaa, kuiloweka na kuipiga ukutani, maana fundi akifa bila mwanafunzi hakuna fedha ya kumrudisha. Na uwe na kawaida ya kupanda juu ya paa kila mwaka kabla ya masika, kuzibua mifereji na kutafuta ufa ukiwa bado mdogo.

Yote hayo ni kazi ya Dayosisi ya Zanzibar, ila mzigo si wao peke yao. Waliouzwa pale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamanyema, Wazaramo, babu na bibi za watu wa nchi nyingi zinazosoma Kiswahili leo. Mwalimu unayepeleka wanafunzi Forodhani kula urojo, wapitishe Mkunazini kwanza. Lipa kiingilio, uliza maswali, na kama nyumbani kwenu kuna habari ya babu aliyekombolewa, iandike uipeleke kituo cha urithi kabla wanaoikumbuka hawajaondoka.