Samaki wa Mchezo

Hapa Bashay samaki huja kwa basi. Sisi ni watu wa ng'ombe na mahindi, na wazee wetu wengi hawakutaka hata kumsikia. Siku hizi mnadani kuna sangara wa kukaushwa, nami nilidhani amekuwako ziwani tangu Mungu aumbe maji, mpaka mama mmoja muuzaji, mzaliwa wa Ukerewe, aliponicheka: "Mwanangu, huyu ni mgeni. Babu yangu hakumjua."

Ni kweli. Wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa na ngege, ningu na furu. Mwaka 1905 zikaja nyavu za makila, samaki wakapungua, na mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham akaanza kulichunguza ziwa. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Kanuni hiyo, bila shaka, ilimhusu mvuvi.

Kwa maofisa mambo yalikuwa mengine. Baadhi yao walipenda kuvua kwa mshipi kama mchezo, wakatamani samaki mkubwa wa kupambana naye. Nisiwaonee: walidai pia kwamba sangara angekula furu, wenye miiba mingi, na kuwageuza kuwa minofu ya watu. Mtaalamu Geoffrey Fryer alipinga kwa maandishi mwaka 1960. Alikuwa amechelewa, mwaka huohuo sangara alionekana ziwani, na mwaka 1962 na 1963 akapandikizwa rasmi. Walioulizana ni maofisa na wataalamu. Mwenye mtumbwi hakuwa na kiti pale.

Miaka ya 1980 sangara akajaa, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wavuvi walipata fedha, hilo siwezi kulikana. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki yakabaki kwa wenyeji.

Kinachonikera zaidi ni Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Mgeni akilipa kibali huvua sangara pale kwa ndoana. Mwanakijiji akiingia na wavu hukamatwa. Najua ni mazalia ya samaki, na nyavu zingeyamaliza. Basi huyo mwanakijiji na awe nahodha wa mgeni, aonyeshe miamba anayolala sangara, na sehemu ya ada irudi mwaloni kwake.

Nilipomweleza mama yule, aliendelea kufunga samaki wangu kwenye gazeti. "Na safari hii," akauliza, "watatuuliza?"