Daftari la Kibanda Umiza: Kumbukumbu za Biashara ya Filamu za Kigeni Kasulu na Kibondo

Historia ya filamu za kigeni nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata nyayo za wasambazaji na wenye majumba ya sinema. Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), amewafuatilia kwa kina wafanyabiashara wa Zanzibar, Dar es Salaam na kwingineko walioagiza filamu kutoka India na Marekani, wakazungusha nakala zake mji hadi mji. Ni kazi kubwa, na jina la kitabu lenyewe linakiri kwamba kinahusu watazamaji wa mijini. Kasulu na Kibondo, wilaya mbili za Mkoa wa Kigoma, zilikosa nafasi katika mzunguko huo kwa sababu za kibiashara tupu. Nakala ya filamu ya milimita 35 ni ghali, inachakaa, na kila siku inayolala njiani haimwingizii mwenyewe hata senti. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kutoka hapo kupanda Buha, nyanda za juu zilimo wilaya hizo, ilibaki safari ya barabara ya udongo. Msambazaji asiye na jumba la kupokea mzigo wake hakuwa na haja ya kulifungulia eneo hilo ukurasa.

Dola nayo haikubadilisha sana ramani hiyo. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 na baadaye ikashika uingizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ikagusa nyumba zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, majumba ya sinema yakiwamo. Umiliki ulihama, njia za nakala zikabaki zilezile.

Je, tuseme basi kwamba nyanda za juu za Kigoma hazina historia ya usambazaji wa filamu? Nadai kwamba inayo, na kwamba kumbukumbu zake ziko katika madaftari ya wenye vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea video kwa kiingilio, na ya wauza CD. Watu hawa tumezoea kuwaita waonyeshaji, au wezi wa hakimiliki, kisha tukaishia hapo. Lakini aliyepanda basi kwenda kufuata mikanda mjini, akairudufu, akawakodishia wenye deki vijijini na kuwadai mwisho wa wiki, amefanya kazi zote za msambazaji. Alichokosa ni leseni tu.

Daftari lake ni lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Hesabu zilizoandikwa ndani zina mantiki yake. Kampuni ya usambazaji huhesabu kwa filamu: hii imeingiza kiasi gani, asilimia ngapi inarudi kwa mwenye haki. Kibanda huhesabu kwa jioni. Upande mmoja kuna za mlangoni, upande wa pili mafuta ya jenereta, kodi ya banda, ukodishaji wa mkanda. Kabla ya gridi ya taifa kufika mwaka 2022, umeme wa miji hii ulitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO, na nje ya miji kila mtu alijitegemea. Mafuta yalipopanda bei, filamu ndefu ya Kihindi ilikuwa hasara hata banda likijaa. Jambo hilo halionekani katika hesabu za msambazaji wa Dar es Salaam. Filamu yenyewe mara nyingi huandikwa kwa jina la nyota wake, Rambo au Van Damme, na mtafiti anayetaka kujua ni ipi hasa itambidi akae na mwenye daftari. Jina la mtafsiri nalo lina uzito. Muvi yenye sauti ya Lufufu, mtafsiri aliyesimulia filamu kwa Kiswahili, iliuzika kwa sauti hiyo, na studio iliyoitengeneza haikuwa habari ya mtu yeyote bandani.

Kambi za wakimbizi zilileta msambazaji wa aina nyingine. Baada ya Warundi kuvuka mpaka kuanzia mwaka 1993, na Wakongo kuwekwa Nyarugusu mwaka 1996, wilaya hizi mbili zilibeba umati mkubwa wa watu waliofungiwa mahali pamoja. Shirika la FilmAid, lililoanza mwaka 1999 kwa wakimbizi wa Kosovo, lilionyesha filamu pia katika kambi za Kibondo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa skrini kubwa, bila kiingilio. Kumbukumbu za msambazaji wa namna hii huandikwa kwa ajili ya mfadhili, kwa hiyo huhesabu vichwa. Kichwa kilichokuja bure hakisemi mengi. Mtu aliyetoa hela ya mboga ili amtazame Van Damme amesema jambo kuhusu anachokithamini.

Watakaopinga watasema tunataka kuuhifadhi wizi. Hakimiliki ina sheria yake, Na. 7 ya 1999, na COSOTA wa kuisimamia. Tangu 2013 kazi za filamu na muziki zinatakiwa kuwa na stempu za kodi. Sibishani na hayo. Ila mwanahistoria wa magendo hatupi shajara ya mvushaji kwa sababu mzigo haukulipiwa ushuru. Brian Larkin, akiandika juu ya Kano, Nigeria, ameonyesha jinsi uharamia ulivyojenga miundombinu ambayo biashara halali ya video iliitumia baadaye. Upande rasmi nao ulipaswa kuwa na karatasi zake: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 ilidai vibali na kuweka bodi hadi ngazi ya wilaya. Mafaili ya vibali ya halmashauri yakilinganishwa na madaftari, pengo kati yake litatueleza mengi kuhusu utawala.

Ugumu uko kwa wenye madaftari. Hakuna atakayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na wengine wameandika kwa mafumbo makusudi. Kwa hiyo ukusanyaji uanze na masharti: majina yafutwe, nakala ipigwe picha na daftari libaki kwa mwenyewe, matumizi yafungwe kwa miaka itakayokubaliwa. Na kazi ianzie kwenye madaftari ya enzi za mikanda na CD. Kijana anayejaza muvi kwenye flashi leo haandiki kitu. Analipwa kwa simu, na taarifa ya miamala itaonyesha kwamba hela iliingia saa fulani, wala haitasema kama ilikuwa ya filamu au ya vocha.