Nani Anapiga Kura? Historia ya Rotary na Somo Kwetu Vijana Wakimbizi



Kikundi chetu kimeanza kujadili jambo zito kidogo: tuunde kamati ya kanda itakayosimamia vikundi vya vijana vya makazi mbalimbali, au kila kikundi kiendelee kujitegemea? Wengine wanasema kamati italeta nguvu. Wengine wanaogopa italeta mabosi tu. Kabla hatujanyoosha mikono, tumeona vizuri tuangalie wenzetu wamepitaje njia hiyo. Tumechagua Rotary, kwa sababu ni chama cha kujitolea kilichopangua na kupanga uongozi wake mara nyingi kwa zaidi ya miaka 100.

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Walikuwa watu wanne tu, wakiongozwa na wakili Paul Harris. Jina lilitokana na kuzunguka: walikutana leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Wakati huo hapakuwa na gavana wala kanda. Mkitaka kuamua jambo, mnaamua mezani, basi.

Ila kitu kizuri huwa kinasambaa. Mwaka 1910 klabu zilikuwa 16 na zikaunda umoja wa kitaifa. Mwaka 1912 klabu ya Winnipeg, Kanada, ikaingia, na chama kikavuka mpaka. Mwaka 1915 wakaanza kugawa klabu katika wilaya, kila wilaya na gavana wake. Sababu yake inaeleweka: ofisi kuu haikuweza tena kujua habari za kila klabu.

Huko Uingereza na Ireland mambo yalienda tofauti. Klabu za huko ziliunda umoja wao mwaka 1914, mwaka ule ule Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza. Bahari ilikuwa katikati, na kungoja maagizo kutoka Marekani kusingefaa. Baadaye Rotary ikakubali eneo hilo lijiongoze kwa sehemu kubwa. Hakuna eneo jingine duniani lililopewa nafasi kama hiyo. Kwa hiyo umbali unaweza kuwapa watu wa chini haki ya kujiamulia, lakini si wote wanaoipata.

Afrika tulikuwa kwenye ramani hiyo mapema. Klabu ya Johannesburg ilianza 1921, Nairobi 1930, Dar es Salaam 1949, Kampala 1957. Klabu zikaongezeka, na kwa miaka mingi Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia zilikuwa pamoja katika wilaya moja, namba 9200. Mwaka 2013 wilaya hiyo ikagawanywa: Uganda na Tanzania wakaenda 9211, Kenya na Ethiopia na majirani wengine wakaenda 9212.

Mtu anaweza kusema, sasa namba zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana. Sheria za Rotary zinabadilishwa na baraza linalokaa kila baada ya miaka mitatu, na kila wilaya inatuma mjumbe mmoja. Yaani pale zamani eneo letu lote lilikuwa na sauti moja barazani. Baada ya kugawanywa, zikawa mbili. Kwa hiyo mtu akichora mpaka mpya kwenye ramani ya chama, usiangalie rangi za ramani peke yake. Hesabu kura. Ukigawa unaongeza wajumbe, ukiunganisha unawapunguza.

Na kura zikiwa mbali na watu, mabadiliko huchelewa. Klabu moja ya Duarte, California, iliwaingiza wanawake watatu miaka ya 1970. Mwaka 1978 ikafutwa kwenye chama, kwa sababu sheria ilisema wanachama ni wanaume tu. Ikaenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi mwaka 1987 kwa upande wa wanawake. Baraza lenyewe liliondoa sharti hilo mwaka 1989. Klabu ndogo iliona haki zaidi ya miaka 10 kabla ya baraza kubwa.

Vijana nao walingoja. Rotaract, yaani klabu za vijana, ilianza mwaka 1968, lakini kwa miaka 51 ilihesabiwa kuwa mradi wa Rotary, sio mwanachama. Ni mwaka 2019 tu baraza lilipokubali klabu hizo ziwe wanachama. Heshima ikaja, na bili ikaja. Mwaka 2022, mwanachama wa Rotaract alianza kulipa ada ya kimataifa ya dola 8 kwa mwaka, na dola 5 kama klabu ni ya chuo.

Hapo ndo habari inatugusa wenyewe. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, vijana wakimbizi walianzisha klabu ya Rotaract mwaka 2016. Hawakuanzisha ili wapewe. Walianzisha ili nao watoe. Kwa kijana wa mjini dola 8 ni soda chache. Kwa anayeishi kwa posho ni chakula cha siku kadhaa. Ada moja, mzigo tofauti.

Mwaka 2022 baraza la Rotary likaruhusu jaribio jipya katika maeneo mawili: Uingereza na Ireland, na upande wa Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Huko wanachama walikuwa wanapungua, na magavana wanabadilika kila mwaka, mtu akianza kuzoea kazi muda umekwisha. Wazo lilikuwa kanda ipewe uwezo zaidi wa kujipanga. Lakini liliwekwa sharti: klabu za kanda husika zipige kura kwanza. Wakuu hawakukaa peke yao wakatangaza.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatukatai kamati ya kanda. Tunajua mashirika yanachoka kuongea na vikundi 20 tofauti, na hilo si kosa lao. Ila kamati ikiundwa ili iwe rahisi kwa mfadhili tu, itakuwa ya mfadhili. Kwa hiyo tunaweka maswali matatu mezani.

La kwanza, nani anapiga kura? Tunapendekeza kila makazi yawe na kura moja, makubwa kwa madogo, na dada zetu wasiwe wa kuandika kumbukumbu tu.

La pili, nani analipa? Kama kutakuwa na mchango, usiwe kigezo cha kura. Asiye na hela bado ana akili.

La tatu, nani anaweza kufika? Aliyeko Kakuma au Dzaleka hawezi kuamka tu akapanda basi kwenda mkutanoni. Anahitaji kibali. Mkutano ukifanyika mjini, watakuja walio karibu, halafu wataitwa wawakilishi wetu wote. Basi kura zipigwe kila mtu akiwa makazini kwake, na hoja zitumwe kwa Kiswahili wiki mbili kabla.

Kamati ikijibu maswali haya matatu kwa maandishi, sisi tuko tayari kuiunga mkono. Isipojibu, tubaki kwanza na meza zetu ndogo. Rotary nayo ilianza na watu wanne, na kazi ikaonekana.